Seti ya taa za LED za tela: taa safi, karatasi hovyo

Taa zenyewe sina ugomvi nazo. Ni za volti 10 hadi 30, kwa hiyo zinafungika kwenye tela dogo la volti 12 na kwenye semi ya volti 24 bila kubadilisha kitu. Mgongo wa taa umejazwa gundi ngumu mpaka pale waya zinapotokea. Kwenye lenzi kuna ile E ya kwenye duara na namba yake, alama ya kuidhinishwa, na nyuma pameandikwa IP67, maana yake taa inastahimili kuzamishwa kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30. Wanaoosha tela kwa mashine ya presha wasijidanganye: 67 ni ya kuzama, si ya kuchapwa na maji ya presha kwa karibu. Hiyo ni IP69K. Karatasi ya maelekezo ya muuzaji haigusi kabisa jambo hilo.

Na karatasi ndiyo iliyonifanya niandike. Ina ukubwa wa kiganja, lugha chungu nzima, mchoro mmoja. Nyeupe ethi (waya wa kurudisha umeme), njano indiketa ya kushoto, kijani indiketa ya kulia, nyekundu breki, kahawia taa za usiku. Basi! Hakuna namba ya pini hata moja, wala hawasemi wamefuata kiwango gani.

Sisi mafundi umeme tunajua rangi peke yake hazitoshi. Chukua plagi ya pini 7 ya volti 12, ile ya kiwango cha kimataifa cha ISO 1724: pini ya 1 ni indiketa ya kushoto, ethi iko pini ya 3. Nenda kwenye pini 7 ya volti 24, ISO 1185: pini ya 1 ndiyo ethi, na ya 3 ndiyo indiketa ya kushoto. Zimegeuzana. Halafu hiyo kahawia. Kwa mfumo wa Marekani, SAE J560, kahawia inabeba taa za nyuma za pande zote mbili. Kwa ISO kahawia ni ya upande wa kulia tu, kushoto kunapelekwa na nyeusi. Anayefuata karatasi hii kwenye tela la ISO atapata upande mmoja unawaka na mwingine giza, kisha atarudisha taa nzima akisema imekufa.

Kingine walichonyamazia: balbu ya kawaida ya breki au indiketa ni wati 21, LED inakula wati chache tu. Gari linalojikagua balbu litadhani imeungua, na indiketa itaanza kukimbia, yaani kupepesa haraka kuliko kawaida. Mstari mmoja wa kumwambia mteja aulizie rezista, kile kipande cha kuongeza mzigo wa umeme, ungetosha.

Niseme na la gereji iliyolishika tela nililofungia taa hizi, kabla halijaletwa kwangu. Risiti imeandikwa "matengenezo ya taa", hakuna zaidi. Waya gani ilikatika, wapi imeungwa, fyuzi ya ngapi, hujui. Dalili ilikuwa ile ile ya siku zote: washa indiketa, kanyaga breki, na taa za usiku nazo zinapepesa. Ethi hiyo. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapita kwenye balbu za jirani. Niliwasha taa zote nikapima kati ya ethi ya taa na ethi ya soketi, multimita ikasoma zaidi ya volti 2, mahali panapotakiwa kukaribia sifuri. Kufungua, nakuta waya zimesokotwa kwa mkono, zimezungushiwa selotepu, na ethi imebanwa kwenye chesisi juu ya rangi. Hawakukwangua hata kidogo. Lakini risiti ina muhuri mzuri kweli.

Si wauzaji wote wako hivyo. Kebo na kisanduku cha maungio nilivichukua kwa muuzaji mwingine, na mchoro wake nimeupenda kuliko bidhaa. Kila pini ina namba, rangi, kazi na unene wa waya kwa milimita za mraba. Na chini ya picha ya soketi wameandika: "inavyoonekana kutoka nyuma, upande wa kuingizia waya." Maneno hayo machache yanaokoa asubuhi nzima, kwa sababu ukiitazama soketi kwa mbele namba zinageuka kama kwenye kioo. Mchoro huo nimeuvisha plastiki nikaubandika ndani ya kifuniko cha kisanduku, fundi atakayekuja baada yangu aukute.

Taa nazipa 4 kati ya 5, moja nimekata kwa sababu waya zake ni fupi. Karatasi naipa 1, na hiyo ni kwa kuwa rangi walizotaja zililingana na waya zilizomo. Nilimwandikia muuzaji nikiomba mchoro wenye namba za pini. Alijibu haraka, kwa adabu, akaniambatanishia picha ya karatasi ile ile, imekuzwa.