Ghala la zamani Jinja au fleti mpya Kampala?

Mimi na mke wangu tunataka kununua nyumba; tumeziona zote mbili, na moyo wangu uko Jinja. Nyumba ile ni sehemu ya jengo lililokuwa ghala la pamba, katika mji ulioneemeka kwa viwanda baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954. Kuta za matofali ni nene, unene wa mkono wangu toka kiwiko hadi vidole. Saa nane mchana ndani kuna ubaridi mtamu. Dari iko juu mno, na kwenye nguzo moja bado kuna kulabu ya chuma ya kuning'inizia mizani. Nimeishika. Lakini paa ni bati tupu: mvua ikinyesha, hamsikilizani. Boriti nazo zikaguliwe mchwa kabla ya kulipa hata shilingi.

Fleti ya Kampala ina lifti, jenereta na maegesho. Vyumba ni vidogo.

La hati ndilo zito. Sheria ya Uganda ya kondominiamu (majengo yenye fleti za wamiliki tofauti) ya 2001 inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake, na Kampala tumeonyeshwa. Jinja, dalali ametuonyesha hati ya jengo zima tu. Igawanywe kwanza, ndipo tulipe.