Lenzi ya Kuhesabia Nyuzi: Usinunue Nguo ya Zamani Kabla Hujaiona Hii

Mwangaluka wadau! Karibuni tena, tuko Mwanza, tuko Kirumba, na leo sijaja na jaketi wala gauni. Nimekuja na hiki hapa. Kinakaa kiganjani, kinajikunja mara mbili, kinaingia mfuko wa shati, na tangu nimekipata siendi sokoni bila hiki. Hii ni lenzi ya kuhesabia nyuzi. Wakaguzi wa viwanda vya nguo wanaitumia tangu zamani sana, wachapishaji nao wanayo, ila sisi tunaokusanya nguo za zamani bado tunahangaika kuvuta picha ya simu mpaka inakuwa ukungu mtupu. Hapana jamani. Leo tunaachana na hayo.

Yale ya kwenye boksi siyasomi. Chuma, kioo, taa, betri ndogo za saa, mtasoma wenyewe. Mimi nataka muone kitu kimoja tu, nacho ni tundu la chini. Ngoja nisogeze kamera. Hapo. Mnaliona hili tundu la mraba? Upana wake ni inchi moja kamili. Pembeni limechongwa mistari, upande huu inchi, upande huu sentimita. Ukiiweka juu ya kitambaa inasimama yenyewe. Umbali kati ya kioo na kitambaa umeshapimwa kiwandani, huna haja ya kupandisha na kushusha mkono ukitafuta picha isimame. Mkono mmoja unabaki huru, unashika sindano, unahesabu. Hii ndiyo sababu ya video nzima!

Sasa twende kazini. Hii ni kanga ya Mwatex, kiwanda chetu cha hapahapa Mwanza, enzi za mashirika ya umma, wakati pamba ya Usukumani ilikuwa inasokotwa na kufumwa palepale mjini. Ameniazima mama mmoja wa Igoma, mtazamaji wetu, na nitamrudishia kama ilivyo. Na angalieni hapa katikati: ni doti nzima, haijakatwa! Vipande viwili bado vimeshikana kama vilivyotoka kiwandani, haijapindwa, haijafuliwa. Mkiona doti ya namna hii mahali, msipitishe mkasi. Wengi wanaikata siku hiyohiyo wanapoipata, na hapo kitu kinachotuambia mpangilio wa kiwanda kinapotea. Pindo zima, mji (ile sehemu ya katikati) mzima, jina lipo: “Subira yavuta heri.”

Naweka lenzi kwenye mji, sehemu isiyo na rangi nyingi. Nyuzi zinazokwenda urefu ni mtande, zinazokatisha ni mshindio. Naanza na mtande. Sindano kwenye uzi wa kwanza, pale mstari wa sifuri ulipo. Tano. Kumi. Msiharakishe hapa, ukiharakisha unaruka uzi. Kumi na tano. Ishirini. Mnaona jinsi nyuzi zilivyolala sawasawa, hakuna uzi mnene ukifuatiwa na mwembamba? Thelathini. Thelathini na tatu, na nimefika nusu inchi. Kwa hiyo inchi nzima ni 66.

Nawawekea kanga nyingine, hii mpya ya dukani, nimeinunua Makoroboi. Jina la kiwanda silitaji, sitaki ugomvi na mtu. Dukani ilikuwa imesimama kama karatasi, mwenye duka akaniambia, “Dada, shika mwenyewe, nzito hii.” Kweli ilikuwa nzito. Uzito ule ni wanga. Nimeifua mara moja kwa maji ya uvuguvugu, maji yakawa meupe, kitambaa kikalegea. Tuhesabu. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na tano, ishirini na sita. Nusu inchi imeisha. Inchi nzima 52!

Na hapa sikilizeni vizuri, maana kwenye maoni najua mtaniuliza. Pamba ikifuliwa inasinyaa, nyuzi zinasogeleana, kwa hiyo hesabu ya inchi moja inapanda. Hii mpya nimeshaifua, yaani nimeipa nafasi ya kupanda. Ile ya mama wa Igoma haijaguswa maji. Pamoja na hayo bado mpya imeachwa mbali. Siku zote andika pembeni ya namba kama nguo imefuliwa au la, la sivyo daftari lako baada ya mwaka halitakwambia kitu. Na sisemi kanga zote mpya ni mbaya. Zipo nzuri sana, na sasa utazijua kabla hujatoa hela.

Angalieni na rangi. Nasogeza lenzi hadi kwenye pindo, pale nyeusi inapokutana na nyekundu. Kanga inachapwa rangi moja baada ya nyingine, kila rangi na zamu yake, na mashine ikicheza kidogo rangi mbili hazikutani sawa. Unaona kijinjia cheupe kile? Kwa macho matupu hukioni, unaona tu kwamba kanga “haijatulia”. Geuza upande wa nyuma. Ya zamani hii rangi imeingia hadi ndani ya uzi. Hii ya pili imekaa juu, uzi wenyewe chini ni mweupe. Hiyo ndiyo itakayokuachia rangi kwenye beseni.

Kwa upande wa kanga, kabla hata ya lenzi, soma maandishi. Kanga yenye TANU ina mwisho wake, maana vyama vya siasa vya TANU na ASP viliungana tarehe 5 Februari 1977 ikazaliwa CCM. Yenye K.H.E. Mali ya Abdulla hiyo ni ya Mombasa, ya ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, watu walio kwenye biashara hii tangu 1887. Alama hiyo haikupi mwaka peke yake kwa sababu imetumika muda mrefu mno. Na kanga za mwanzoni mwa miaka ya themanini ni adimu kuliko za kabla yake, nasema hivyo kwa niliyoyaona mikononi mwa watu. Wakati ule bidhaa zilikuwa haba, watu wanapanga foleni maduka ya RTC, yale ya serikali ya kila mkoa, kanga moja ikipatikana inavaliwa, inabebea mtoto, inakuwa shuka, inamalizikia kuwa dekio. Baada ya serikali kulegeza uingizaji wa bidhaa mwaka 1984, mitumba ikazidi kuingia. Nani angetunza kipande cha kanga kabatini? Kwa hiyo ukimkuta bibi Ukerewe au Magu anayo moja iliyosalia, kwanza keti, msikilize, uliza aliipataje. Andika. Habari ile ina thamani kuliko kitambaa.

Nimetoka nje kidogo. Turudi.

Mitumba sasa. Pale soko la Mlango Mmoja belo likifunguliwa unasukumwa, kila mtu anavuta, huna muda wa kutoa miwani. Hapo lenzi haina kazi, macho na vidole ndivyo vinavyofanya. Lenzi inaingia ukishavuta vipande vyako vitatu vinne ukakaa pembeni. Chukua hili jaketi la jinzi la Levi's. Lebo ndogo nyekundu ya mfukoni kampuni ilianza kuiweka 1936, na hadi 1971 jina liliandikwa kwa herufi kubwa tupu, baadaye e ikawa ndogo. Hii kila mtu anaijua, hata muuzaji anaijua, ndiyo maana akiiona E kubwa bei inapanda palepale. Lakini kampuni yenyewe imetengeneza upya mitindo yake ya zamani, na E kubwa juu! Halafu lebo inahama. Mtu anatoa lebo kwenye nguo ya zamani iliyochanika, anaishona kwenye nguo ya juzi.

Ndiyo maana nasema angalieni uzi. Naweka lenzi ukingoni mwa lebo. Hapa pana matundu ya sindano ambayo hayana uzi. Yamekaa kwa mstari, yamepishana kidogo na mshono wa sasa. Maana yake lebo hii ilishashonwa mahali, ikafumuliwa, ikashonwa tena. Sasa hesabu hatua za mshono kwa mstari wa inchi: mshono wa jaketi lenyewe una hatua 8, mshono wa lebo una 12. Mashine mbili tofauti. Nimemwonyesha muuzaji, akaangalia kwenye lenzi kwa muda mrefu, akanipunguzia, nikalinunua kwa bei ya jaketi la kawaida. Ni jaketi zuri na nitalivaa, ila kwenye daftari la mkusanyiko haliingii.

Haraka haraka kwa nguo za Marekani: yale maandishi ya jinsi ya kufua yalikuwa lazima kisheria kuanzia 1972, kwa hiyo nguo iliyokuja nayo imeshonwa ndani haitarajiwi kuwa ya miaka ya hamsini. Namba ya RN, ile ya usajili wa kampuni iliyo kwenye lebo, unaitafuta bure kwenye tovuti ya tume yao ya biashara, FTC, inakupa jina la kampuni, haikupi mwaka wa nguo. Na lebo ya chama cha wafanyakazi cha ILGWU yenye nyekundu, nyeupe na bluu ni ya 1974 hadi 1995. Herufi za lebo hiyo ni ndogo mno, lenzi inazisoma vizuri kabisa.

Kuna wenzetu wana chaneli nzuri tu, nawafuatilia, wanasema fulana yoyote yenye mshono mmoja kwenye pindo la mkono ni ya zamani. Sikubaliani nao hata kidogo. Mshono mmoja unashonwa mpaka leo, na waigaji ndio wanaoupenda zaidi. Wamewaumiza watu wengi kwa sentensi ile moja.

Haya, taa. Taa hii inanikera! Ni ya bluu. Angalieni kanga ya nyekundu nikiwasha: imekuwa kama damu ya mzee. Nikizima, nikisogea dirishani, rangi yake inarudi. Kwa kazi ya rangi mwanga wa jua la asubuhi hauna mpinzani, na hapa ziwani tunalo la kutosha. Nilitaka kusema nunueni ile isiyo na taa, ni nafuu. Ila siku ile Mlango Mmoja giza lilikuwa linaingia, umeme hakuna, na mimi nilisoma matundu ya ile lebo kwa taa hiihii ninayoilalamikia. Kwa hiyo nyuzi na mishono, washa. Rangi, zima. Nunua yenye taa.

Watu wananiuliza kuhusu ile hadubini ndogo ya kubandika kwenye simu, wanasema inakuza mara 60. Ninayo, hiyo hapo. Inakuza, kweli. Unaona uzi mmoja mkubwa unatetemeka kwa sababu mkono unatetemeka, na huna mstari wa kupimia. Utahesabu nini? Kwa mtu wa shule ya sayansi sawa, kwa nguo haitufai. Vilevile kuna toleo dogo la lenzi hii lenye tundu la nusu inchi, linakuza zaidi. Wauzaji wanalisifia. Mimi nasema chukueni la inchi moja, hata kama linakuza kidogo tu. Unachotaka ni eneo.

Bei. Mimi nilinunua mtandaoni kwa shilingi 18,000, ikaja na basi kutoka Dar. Nikaweka picha yake kwenye hali (status) ya simu, watu wakaulizia, na muuzaji yuleyule sasa anaiuza 27,000. Jamani! Kwa 18,000 hadi 20,000 nunua bila kuwaza. Kwa 27,000 subiri, au ulizia kwa mafundi saa na maduka ya vifaa vya uchapaji, wengi wanaiweka. Hakikisha mambo mawili tu ukiwa dukani: mistari iwe imechongwa kwenye chuma, isiwe stika, na bawaba zisicheze. Chukua rula ya kawaida, iweke chini ya tundu, linganisha inchi kwa inchi. Niliyopelekewa kwanza ilikuwa fupi kidogo, ikarudi.

Habari za chaneli: video sasa zitatoka Jumamosi asubuhi badala ya Jumatano usiku, watu wa Bukoba na Musoma mmesema usiku mtandao unawasumbua, nimewasikia. Video ijayo ni ya zipu, za kampuni za Talon na YKK, nimeshatenga nguo za kuonyesha. Jiungeni na chaneli, guseni kengele.

Na mwenye doti ya Mwatex au ya Mutex ya Musoma nyumbani, naomba picha tatu: mji, jina, na ukingo wa kitambaa ukiwa umelazwa pembeni ya rula. Niandikieni na mlikoipata. Nataka tuanze orodha yetu ya kanga za kanda ya ziwa, kila moja na hesabu yake ya nyuzi, maana kwenye vitabu nilivyopitia Mombasa na Zanzibar zimejaa na sisi tumeguswa kidogo sana. Ya mama wa Igoma ndiyo namba moja: mtande 66, haijafuliwa, haijakatwa. Tumeni namba mbili.