Kukokota chambo Mbita: mzee wa boti ni dhahabu, vifaa ni aibu

Kilichonitoa Kisumu ni shemeji. Anaishi Michigan, Marekani, na tangu ashuke kwenye ndege hakuwa na hadithi nyingine ila samoni na trauti wa Lake Michigan. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimezoea watu wa kutia chumvi, lakini huyu alikuwa amebeba kisanduku kizima cha chambo bandia katikati ya nguo zake. Basi nikamwambia, Jumamosi tutakokota chambo Ziwa Victoria, yaani kukivuta nyuma ya boti inayokwenda polepole, tumtafute mbuta, yule sangara mkubwa, halafu tutaona.

Ufuo wa Dunga ni karibu na nyumbani, ila wiki hiyo magugu maji yalikuwa yamefunga ufuo, na maji ya ghuba yenyewe hayana kina cha maana. Tukaenda hadi Luanda Kotieno, tukavuka kwa feri, tukalala Mbita. Boti tulikodi kwa simu. Jina la wenyewe silitaji, malalamiko yangu wameshayasikia kwa mdomo wangu. Shilingi 12,000 kwa mimi, shemeji na kijana wangu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa sita mchana, petroli ikiwemo.

Nahodha ni mzee wa kofia ya sufi, haongei mpaka umsemeshe. Tulipopita kisiwa cha Rusinga na kufika pale ambapo miamba inaporomoka ndani ya maji, alipunguza injini hadi ikawa inakoroma tu. Bado hakuridhika. Akatoa ndoo mbili za rangi zilizotobolewa matundu, akazifunga kamba, akazitupa nyuma moja kila upande. Boti ikatulia, ikawa inakwenda mwendo wa mtu anayerudi sokoni na mzigo kichwani. Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakiri kwamba kwao hufanya vilevile, ila wao hununua mifuko ya turubai dukani.

Hapo ndipo pesa yangu ilianza kurudi. Mzee haendi moja kwa moja. Anachora nyoka majini, na sababu yake aliieleza vizuri kuliko mimi ninavyoeleza duara darasani: boti ikikata kona, chambo cha upande wa nje huongeza mwendo na cha ndani hulegea na kupoa, na mbuta aliyekuwa anafuata akisitasita huamua hapohapo. "Akiona chakula kinabadilisha mwendo, nyathina (mwanangu), anadhani kinamtoroka," mzee alisema. Mara mbili tuliguswa, mara zote mbili kwenye kona.

Shemeji alitaka kuteremsha chambo chini kabisa. Kwao, wakati wa joto, samoni hushuka kutafuta maji baridi, kwa hiyo hufunga risasi nzito ya kilo tano hivi kwenye waya, huiteremsha hadi kina wanachotaka, na mshipi hubanwa kwenye kibanio kinachofyatuka samaki anapouma. Mzee alisikiliza yote kwa heshima, kisha akamwambia kwamba ziwa letu ni vuguvugu huko chini pia, na ukishuka sana kuna misimu maji yanakosa hewa, samaki hakai. Tukatumia chambo chenye ulimi wa plastiki, ambacho huzama chenyewe kikivutwa, mita 30 za mshipi nyuma ya boti. Katika mazungumzo hayo ikajitokeza kwamba samoni wa huko nao si wenyeji: koho waliwekwa mwaka 1966, chinook mwaka uliofuata, ili wale visamaki vya kigeni vilivyokuwa vimejaa ziwa. Mzee akatikisa kichwa. Mbuta wetu naye aliletwa miaka ya 1950, na fulu, visamaki vya asili vya ziwa letu, ambazo mzee alikuwa akila utotoni, sasa anazihesabu kwa vidole.

Sasa vifaa. Rili niliyopewa ilikuwa na kutu, breki yake imeganda. Samaki wa kwanza alipovuta, fimbo ilipinda mpaka kwenye maji, rili ikakataa kutoa mshipi hata kidogo, pap, ukakatika. Nilibaki nimeshika fimbo nyepesi kama mtu aliyekatiwa simu. Chambo kilichokwenda kilikuwa cha shemeji. Jaketi okozi zilikuwa nne, sawa na idadi yetu, ila moja zipu yake ilikuwa imekufa na tuliifunga kwa kamba ya nyavu. Kwa ziwa ambalo upepo hubadilika bila hodi, hilo si jambo la kucheka.

Wa pili alishika rili ya shemeji mwenyewe. Aliruka mara moja, mdomo wazi, akitikisa kichwa, na jicho lake likang'aa rangi ya machungwa. Dakika kumi na tano hivi, mizani ikasema kilo 11. Kijana wangu alitaka kumshika mfuniko wa matamvua, mzee akampiga kofi la mkono: pale panakata kama wembe. Humshika mdomo wa chini, ambao ni mkwaruzo mtupu kama msasa, ndiyo maana kipande cha mwisho cha mshipi huwa nailoni nene.

Kero kubwa ilitungoja nchi kavu. Kijana wa ofisini alikuja na mizani yake na kutuambia samaki ni wa boti, tukimtaka tumnunue kwa kilo. Samaki niliyemvua mwenyewe niuziwe? Hakuna aliyelitaja hilo kwenye simu. Tulivutana hadi mzee akaingilia, tukaondoka na nusu pamoja na mgongo, ambao mke wangu aliukaanga kama mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kutolewa, inayokaangwa mtaa wa Obunga, Kisumu, na kwa kweli ulikuwa mtamu kuliko minofu.

Ukienda, uliza habari ya samaki kabla hujatuma hata shilingi. Beba rili yako. Na usikubali boti yoyote, sisitiza unataka mzee wa kofia ya sufi, kwa sababu yupo kijana mwingine pale, tulipishana naye na wageni wake karibu na kisiwa cha ndege, chambo zao zinarukaruka juu ya maji, anaendesha kama amebeba bibi harusi aliyechelewa kanisani.