Boney M baada ya 1979: uanze na ipi, na ipi uiache hapo hapo mezani

Kila ninapomuuliza kijana anayerusha nyimbo kwenye flashi pale Mwanjelwa, Mbeya, kama ana Boney M, lile kundi la disko la Ujerumani, jibu lake halibadiliki: "Ipo mzee, yote." Hiyo "yote" ukiichomeka kwenye sabufa nyumbani unakuta nyimbo ishirini ambazo hazivuki 1979, na mbili kati yake ni wimbo mmoja uliopewa majina mawili. Rasputin yupo, Babeli (Rivers of Babylon) ipo, Daddy Cool yupo. Ukimuuliza za miaka ya themanini anakutazama kama umemwomba risiti.

Simlaumu. Boney M walitoa albamu moja kila mwaka, 1976 hadi 1979, na hizo ndizo zilizotufikia. Baba yangu mdogo alikuwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Akisafiri hadi Kapiri Mposhi alirudi na santuri mbili tatu amezifunga ndani ya blanketi, watoto tunakatazwa hata kuzipumulia. Halafu ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni zikakauka, sabuni na sukari vikawa vya foleni. Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, watu walikuwa wanaficha hata vitenge. Nani angehangaikia santuri mpya ya Wajerumani? Huko Ulaya nako disko ilikuwa imeshachokwa. Kwa hiyo kundi halikufa 1979. Sisi ndio tuliacha kulisikia, na tukahesabu kwamba limekwisha.

Nimezitafuta zilizobaki, kwa muda na kwa hela yangu. Huu ndio mpangilio wangu.

Ya kwanza, tena kwa mbali, ni Boonoonoonoos ya 1981. Jina ni la Kijamaika, neno la kusifia kitu kizuri au mtu unayempenda. Usihangaike kulitamka, yule kijana aliponiandikia kwenye flashi aliandika BUNUBUNU, na tangu siku hiyo nyumbani tunaiita hivyo. Waimbaji Liz Mitchell na Marcia Barrett wote wawili ni wazaliwa wa Jamaika, na hapa inasikika. Katika albamu za mwanzo Frank Farian, yule mtayarishaji Mjerumani, anawaendesha kama dereva mwenye haraka ya kufika. Katika hii amewaachia usukani kidogo.

Sababu kubwa ya sisi kuinunua ni Malaika. Ndiyo, ile ile. Fadhili William wa Kenya aliirekodi, Miriam Makeba akaizungusha dunia nzima, na ubishi wa nani hasa aliyeitunga haujaisha mpaka leo. Wapo wanaomtaja Adam Salim, Mtanzania. Boney M wanaiimba kwa Kiswahili, Kiswahili cha mgeni aliyekariri bila kuuliza maana, na wameitia mdundo wa kuchezeka. Mara ya kwanza nilikasirika. Wimbo wa kijana aliyekwama kwa kukosa mali ya kuolea unachezwaje kwa furaha namna ile? Mke wangu, Mhehe wa Kalenga, akaniambia: "Baba, hawa hawajawahi kudaiwa mahari." Basi. Sasa naisikiliza kwa raha, kama unavyomsikiliza Mzungu anayejitahidi kusema "kamwene", ile salamu ya Kihehe.

Lakini albamu haisimami kwa Malaika peke yake. Ipo We Kill the World, wimbo wa vipande viwili kuhusu binadamu anavyoimaliza dunia. Kipande cha kwanza kina kasi, sauti ya Marcia imekaza. Cha pili kinatulia na mtoto anaingia kuimba. Niliusikiliza usiku mmoja wa Julai hapa Mbeya, baridi ile ya kuvalia makoti mawili, siku ambayo mchana nilikuwa nimeona magogo yakishushwa lorini. Sitasema zaidi. Ride to Agadir nayo ina mwendo wa farasi kweli kweli. Ungekuwa na hela ya albamu moja tu, ndugu yangu, toa kwa hii.

Ya pili ni Ten Thousand Lightyears ya 1984, na hapa najua nitabishiwa. Bobby Farrell, yule mchezaji wa kuruka ruka, alikuwa ameondoka, na nafasi yake imeshikwa na Reggie Tsiboe, mwenye asili ya Ghana. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha. Bobby alicheza, lakini sauti nzito ya kiume uliyokuwa ukiisikia kwenye santuri ilikuwa ya Farian mwenyewe. Reggie anaimba kwa koo lake. Albamu imevalishwa mambo ya anga za juu, vinanda vya umeme vimejaa kila pembe, na Nuhu naye amehamishiwa angani na safina yake. Nusu ya kwanza inaweza kukuchekesha. Vumilia mpaka Somewhere in the World, halafu uje tuongee.

Ya tatu ni Oceans of Fantasy ya 1979. Najua nimesema baada ya 1979, ila hii ndiyo daraja la kuvukia, na watu wengi wanazijua nyimbo zake mbili tatu bila kujua ni za albamu gani. Ilishika namba moja Uingereza. Vijana wenu wanaijua bila kujua: Gotta Go Home ndiyo iliyokatwa kipande na ma-DJ wa Duck Sauce mwaka 2010, wakakitumia kwenye wimbo wao Barbra Streisand. Ukiipata kwa bei ya kirafiki, chukua.

Zilizobaki nitazipita haraka. Albamu ya Krismasi ya 1981 usiinunue. Kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba utaisikia bure katika kila duka kutoka Mafinga hadi Tunduma, utake usitake. Kalimba de Luna ya 1984 ni mchanganyiko wa vya zamani na vya kuazima. Eye Dance ya 1985, ya mwisho kabisa, ni ngoma za mashine mwanzo mwisho, na Liz unamtafuta kwa tochi. Na jihadhari na The Magic of Boney M ya 1980. Si mbaya hata kidogo, ni mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma, lakini ndiyo inayowafanya watu waamini wamemaliza.

Sasa, ununue katika umbo gani? Flashi ya kurushiwa ni rahisi, ila wenye nyimbo hawapati hata senti, na majina yanavurugwa kama nilivyosema. Kama una bando, sikiliza kwanza albamu nzima kwenye programu za muziki au YouTube, kwa mpangilio wake, kabla hujatoa hela ya santuri.

Santuri zenyewe zipo bado, kwa wazee wa Uhindini, kwa waliostaafu TAZARA, na mara moja moja kwenye mitumba ya vyombo vya ndani. Watu wa Dar wanaogopa joto linalozikunja. Sisi huku adui yetu ni ukungu. Masika ya Nyanda za Juu hayana mchezo, na jalada lililokaa stoo Tukuyu miaka thelathini linaweza kunata kwenye santuri yenyewe. Kwa hiyo itoe, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Madoa meupe ya ukungu yanaosheka kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini, ukifuata mzunguko wa mistari bila kulowesha karatasi ya katikati. Mkwaruzo unaousikia kwa ukucha hauoshwi na chochote. Muuzaji akikukataza usiitoe kwenye jalada, mrudishie.

Kaseti ninunue? Ukikuta Boonoonoonoos, ndiyo, mradi utepe haujagandana. Zungusha kwa penseli kwanza, ukihisi inagoma usiilazimishe. Mimi yangu niliipata Iringa, Miyomboni, kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza redio kaseti ya marehemu mumewe. Kaseti ilikuwa bado humo ndani. Nilimwamkia, nikauliza bei ya kaseti peke yake, akasema haiuzwi bila redio. Nikabeba vyote viwili mpaka stendi. Redio haijawahi kuwaka.