Uzoefu wangu: nyenzo za sarufi na alama za uandishi kwa mtoto anayesomea nyumbani, Arusha

Kwa mtoto wa darasa la 3 hadi la 5 anayesomea nyumbani, vitabu vya sarufi havisumbui kupatikana mjini Arusha. Kilicho adimu ni mazoezi ya alama za uandishi. Mengi yaliyopo yanamfundisha mtoto kuzitaja alama, si kuzitumia: atakueleza nukta mkato ni nini, kisha akuandikie ukurasa mzima bila nukta hata moja.

Msingi wangu ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ukishajisajili, vitabu vya kiada unasoma bure. Ukitaka nakala ya karatasi, kagua kwanza toleo, kwa sababu mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 kwa awamu na madukani bado unaweza kuuziwa kitabu cha mtaala wa zamani.

Vitabu vya mazoezi vya wachapishaji binafsi, vile vya madukani kati ya Mnara wa Saa na barabara ya Sokoine, vinapishana mno kwa ubora. Jalada lisikudanganye. Fungua sura ya ngeli, utafute kijana, kiongozi na kipofu. Kama vimetupwa tu kwenye KI-VI, bila kuelezwa kwamba husemwa “kijana huyu amefika”, kirudishe rafuni. Kisha tafuta “rafiki yangu mpya amefika”. Kitabu makini kitaeleza kwa nini ni yangu na si wangu, ilhali kitenzi kimefuata A-WA. Mwisho, mtazame ng’ombe. Nimekutana na kitabu kilichochapa “n’gombe”, na majibu ya nyuma yakarudia kosa lile lile.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu inafaa kuliko wengi wanavyodhani, maana kila nomino imeandikiwa upatanisho wake kwenye mabano: gari ni [li-/ya-]. Mtaani mtoto atasikia “hii gari” kutwa nzima. Mkibishana, fungueni kamusi yamalizike.

Kwa Kiingereza natumia Khan Academy. Ni bure, ina kozi ya sarufi yenye sehemu za koma, apostrofi, koloni na nusu-koloni (nukta mkato), na mtoto akikosea anaelezwa sababu. Kifurushi kikiwa kidogo, ruka video; mazoezi yanatosha. Ila ni ya Kimarekani: nukta na koma hukaa ndani ya alama za kunukuu hata pale ambapo Kiingereza cha Uingereza, kinachofuatwa na shule zetu, kingeziweka nje. Mweleze mtoto mapema, asije akasahihishwa vingine akachanganyikiwa.

Kuna kosa moja ambalo nyenzo za nje haziwezi kulitabiri. Mtoto wetu huandika “I went to the market, I bought bananas” kwa sababu kichwani mwake kuna “Nilikwenda sokoni, nikanunua ndizi”, na hiyo ni sahihi kabisa: -ka- ndiyo inayounganisha. Kiingereza hakina -ka-. Kwa hiyo kila penye koma mtoto ajiulize: kushoto na kulia, kila upande unaweza kusimama peke yake kama sentensi? Ukiweza, aweke nukta au aongeze “and”. Ritifaa, yaani apostrofi, nayo ifundishwe mara mbili, kwani katika ng’oa ni sehemu ya sauti, lakini kwenye “it’s” inashika nafasi ya herufi iliyoachwa.

Mazoezi ya alama nayatengeneza mwenyewe. Chukua aya ya sentensi 6 hadi 8 kutoka kitabu cha kiada, inakili bila alama wala herufi kubwa, na juu yake andika idadi: nukta 6, mkato 4, ritifaa 2, alama za kunukuu jozi 1. Idadi hiyo usiiache. Bila hiyo mtoto huweka nukta mbili tatu akasema amemaliza. Akiiona, anarudi kuitafuta iliyobaki. Siku nyingine iwe imla: soma mara ya kwanza mfululizo bila yeye kuandika, ya pili kwa vipande, ya tatu mfululizo ili ajikague. Usitamke “nukta” wala “mkato”. Sauti yako ipande, ishuke na ipumzike panapostahili. Kisha mpe kitabu asahihishe mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Yote haya yafanyike kwenye daftari. Simu huweka herufi kubwa yenyewe baada ya nukta, kwa hiyo hutajua kama mtoto anajua au kibodi ndiyo inayojua.