Darasa la mawe la Jumamosi Entebbe: nimetoa nyota 4 kati ya 5

Jamani nimekaa na hii kitu wiki nzima, ngoja niandike tu. Jumamosi nlienda lile darasa la mawe Entebbe, la mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya jiolojia maisha yake yote, anafundishia barazani kwake, unashuka teksi Kitooro alafu boda dakika tano. Elfu 50, chakula cha mchana ndani. Mimi nauza vipuri vya pikipiki Masaka, shule ya mawe sijasoma, ila baba yangu mdogo alikuwa kibarua Kabanga kule Ngara, Tanzania, miaka ya 1970, enzi za ule mradi wa Umoja wa Mataifa wa kutafuta nikeli, na tangu niko mdogo anatuhadithia alivyobeba masanduku ya mawe meusi mazito bila kuambiwa ni ya nini. Nilivyosikia mada ya Jumamosi ni historia ya kutafuta madini kwenye miamba ya namna hiyo nikalipa siku hiyohiyo.

Mzee alianza na binyebwa, ule mchuzi wa karanga. Kweli kabisa, sufuria ilikuwa jikoni inachemka akatuita wote tukaangalie mafuta ya karanga yanavyojitenga na mchuzi. Akasema uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka ukiingia kwenye nafasi chini ya ardhi na kupoa polepole, madini yanaganda kwa zamu na kujipanga tabaka juu ya tabaka, na kama kuna salfa ya kutosha basi yanatokea matone ya salfaidi, yaani salfa iliyoungana na metali, yanayojitenga hivyohivyo kama mafuta, ila yenyewe ni mazito kwa hiyo yanazama, na yakizama yanafyonza nikeli, shaba na platinamu iliyotawanyika humo. Mtafutaji anatafuta pale matone yalipotulia. Hapo mimi nikaelewa kitu ambacho baba mdogo hakuwahi kuelezwa.

Sehemu iliyonishika kuliko zote ni ya Afrika Kusini, mwamba wa Bushveld, umri miaka bilioni 2 na kidogo, eneo kama kilomita za mraba 65,000, yaani zaidi ya robo ya Uganda nzima. Mwaka 1924 mkulima anaitwa Andries Lombaard alikuwa anachekecha mchanga wa mto mkavu kwenye shamba la Maandagshoek akabakiwa na chembe nzito za rangi ya kijivu cheupe, hakuzitupa, akazipeleka kwa mjiolojia Hans Merensky Johannesburg. Merensky akaanza kufuata chembe zilikotoka, na mwaka haujaisha wakawa wameshalifikia tabaka lenyewe, lile linaloitwa kwa jina lake mpaka leo. Sehemu nyingi halifiki hata mita moja unene, lakini linafuatika zaidi ya kilomita 100, na platinamu yake ni gramu chache tu kwa tani ya mwamba, kwa macho huoni kitu. Mzee alikuwa na karai na mchanga wake, kila mtu akachekecha mwenyewe, mimi ilinichukua majaribio matatu kubakiza zile chembe nyeusi nzito chini, na mgongo ukauma, hapo unamheshimu yule mkulima.

Stillwater, mwamba mwingine wa namna hiyo kule Montana, Marekani, aliielezea kwa ufupi lakini ilinikaa kichwani: wakati wa vita kuu ya pili watu walikuwa wanachimba kromiti, madini meusi ya kutoa kromiamu, kwenye mwamba huohuo, na tabaka la paladiamu, metali ndugu ya platinamu, likaja kugunduliwa 1973, na wajiolojia wa kampuni ya Johns-Manville. Mwamba wa Great Dyke wa Zimbabwe, kilomita 550 hivi urefu, aliipitia haraka mno, ningependa aikalie zaidi.

Alafu akaleta mawe. La kwanza lina mistari meusi na meupe imenyooka kama imepigwa rula, nyeusi ni kromiti. La pili ni kipande cha fimbo ya mwamba iliyotoka kwenye mashine ya kuchoronga, kijivu cheusi, kina madoa ya rangi ya shaba iliyofifia, na ukisogeza sumaku inanasa, tak! Hakusema kimetoka wapi ila alisema cha Kabanga kinafanana hivyohivyo. Nilikishika muda mrefu, uzito wake si wa jiwe la kawaida, mkono unashuka kabla hujajipanga.

Ya Uganda pia alituelezea, ndege za serikali za kupima sumaku na mionzi zilizopita miaka ya 2000 zikafika karibu asilimia 80 ya nchi, Karamoja ikaachwa kwa sababu za usalama, na baadaye kampuni ya Australia, Sipa Resources, ikachukua udongo huko Kitgum mpaka ikapata nikeli na shaba pale Akelikongo. Kabanga yenyewe leseni maalum ya kuchimba ilitoka 2021, hesabu mwenyewe tangu baba mdogo abebe yale masanduku.

Kwanini nimekata nyota moja: tulikuwa watu 14 na lenzi ya kukuzia moja tu, unasubiri foleni na ukifika umesahau ulitaka kuangalia nini. Umeme ukakatika saa nane, picha za ramani hatukuziona tena, na kwa hiyo pesa angekuwa na karatasi za kugawa. Chakula sina neno, binyebwa na matoke ya moto, na maswali anajibu yote hata ya mtoto, hakuna mtu aliyechekwa. Ukienda beba daftari na kofia, mchana baraza ile inapigwa jua.

Usiku nilimpigia simu baba mdogo nikamweleza matone, mafuta, kuzama, kila kitu. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata, alafu akauliza, "Sumaku ilinasa, mwanangu?" Nikamwambia ilinasa baba. Akaniambia hata wao walikuwa wanajaribu na sumaku ya spika ya redio mbovu, jioni, wazungu wakishaondoka. Darasa lijalo nimelipia viti viwili.