Walinifikisha Darajani wakakataa kuvuka

Tangazo la kampuni yao ya kutembeza wageni lilisema ni matembezi ya Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi. Mimi niliisoma riwaya hiyo mara tatu nikiwa kidato cha tano na hadi leo naifundisha, kwa hiyo sikuuliza mengi. Nikalipa, nikapanda boti ya asubuhi kwenda Unguja. Ilikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka, lakini nilishuka bandarini na furaha yangu.

Mwanzo sina la kulalamika. Kijana aliyetutembeza alituingiza Mtendeni, mtaa wa Mji Mkongwe, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze ukutani. Akasimama chini ya dirisha moja la ghorofani, akanyamaza. Hakudai kwamba ndilo lenyewe, na kwa hilo nilimheshimu. Nikamwona Yasmin wa kitabuni kule juu, mke mtoto wa Bwana Raza mwenye umri wa baba yake, anachungulia maisha ya wenzake yanavyopita njiani. Machozi yalinilenga. Saa ile ningewapa nyota zote.

Kisha tukafika Darajani, kijana akageuka kurudi tulikotoka.

Aliyesoma riwaya atanielewa. Roho yake ni kule kuvuka. Yasmin anamkimbia mume, jamaa zake wanamkataa, anayempokea ni Mwajuma, na Mwajuma anakaa Ng'ambo. Bila Ng'ambo hakuna Denge mpigania uhuru, hakuna harakati za kumng'oa mkoloni, hakuna kitabu. Na jina lenyewe Ng'ambo lilitokana na mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na upande wa pili. Daraja la kuuvuka ndilo lililozaa Darajani. Maji yalishafukiwa zamani, sasa ni barabara. Unangoja magari yapite, umeshavuka.

Nikamuuliza Ng'ambo tunakwenda saa ngapi.

"Kule hamna kitu cha kuona, dada. Maghorofa tu."

"Mwajuma je?"

"Mwajuma ndo nani?"

Nimefundisha miaka mingi, najua kuvumilia asiyejua. Lakini huyu nimemlipa! Nilipomwambia hajakisoma kitabu, akanijibu mbele ya watu, kwa sauti ya kuchoshwa, "Wenzako wote wanaridhika, wewe unataka nini hasa?" Akawachukua wenzangu akawapeleka kwenye nyumba ya Freddie Mercury. Ni kweli mwanamuziki huyo alizaliwa Unguja mwaka 1946, sina ugomvi naye, ila anahusiana nini na Yasmin?

Nikavuka peke yangu.

Kweli Michenzani, huko Ng'ambo, ni maghorofa, marefu mno. Yalijengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na nyumba nyingi za zamani za Ng'ambo zilibomolewa ili kuyapisha. Sasa hilo si la kuonyeshwa? Riwaya ilitoka mwaka 1999. Sehemu ya Ng'ambo ya enzi za ukoloni anayotutembeza Adam Shafi ilikuwa imeondoka kitambo, haipo, imebaki kwa waliokuwapo na kwenye kurasa zake. Nilisimama pale kwenye mzunguko wa barabara, mwili ukanisisimka kuliko nilivyosisimka Mtendeni.

Barazani palikuwa na mzee anakunywa kahawa. Nikampa shikamoo, nikamuuliza zamani hapa palikuwaje. Akanyoosha kidole kwenye kona ya jengo. "Pale, mwanangu, palikuwa na nyumba ya makuti. Ngoma mpaka alfajiri." Akaniagizia kahawa na kashata, tukakaa kimya. Dakika zile ndizo zilizokuwa matembezi yangu, na hazikuwa za kulipia.

Nilikusudia kuandika msiende. Lakini lile dirisha linanirudia, na yule kijana alijua kunyamaza mahali pa kunyamaza, jambo ambalo wengi hawalijui. Basi nendeni. Hapana, msiende, maana kila nikikumbuka "Mwajuma ndo nani" nasikia hasira upya. Na kosa si lake peke yake. Kuna mkubwa aliyemtuma kuuza riwaya bila kumpa hata siku mbili za kuisoma.

Nilipita ofisini kwao kabla ya boti ya jioni. Wakaniahidi punguzo safari ijayo. Sikulitaka. Niliwaachia nakala yangu, yenye mistari yangu ya kalamu ya risasi, nimekunja ukurasa ambapo Mwajuma anampokea Yasmin, nikaomba apewe yule kijana.